Kibao cha L Hakivuki Bahari

Nilijifunzia boda kwa mjomba, Kakamega, kabla sijajua kuna kitu kinaitwa leseni. Nilipofika Uingereza nikaambiwa nianze upya: kozi ya lazima ya CBT, vibao vya L mbele na nyuma, pikipiki isiyozidi 125cc, hakuna kubeba abiria, hakuna kuingia motowei. Na cheti chenyewe ni cha miaka 2 tu. Nilicheka kimoyomoyo. Mimi, niliyewahi kupita matopeni na magunia mawili ya mahindi?

Basi rafiki yangu, ambaye ana leseni kamili, akaniambia twende Ufaransa na pikipiki. Feri ya Dover hadi Calais ni kama saa moja na nusu. Shida ni kwamba leseni ya mwanafunzi ya Uingereza haitambuliki huko. Ukishuka Calais wewe si mwanafunzi tena; wewe ni mtu asiye na leseni.

“Si utoe tu hivyo vibao,” akasema. “Nani atajua?”

Swali hilo lilinikaa wiki nzima. Maana kweli, mikono haisahau kazi katikati ya bahari. (Sawa, kule wanapita kulia, lakini hilo mtu huzoea.) Kama asubuhi sikuwa hatari Dover, mchana Calais nimekuwaje hatari? Nimemkosea nani, karatasi?

Halafu nikamkumbuka shangazi. Kijana wa boda aliyemgonga pale sokoni alikuwa moto, kila mtu alikiri. Hakuwa na leseni wala bima. Hakutoroka pia, kijana wa watu. Alikuja hospitalini na mia tano mkononi, akalia. Sisi tuliuza ng'ombe, na mguu haukunyooka hadi leo. Hakuna aliyesema hajui kuendesha. Ila siku ujuzi ulipomponyoka, hakukuwa na yeyote nyuma yake, na deni likamwangukia mama muuza mboga ambaye hakuulizwa.

Bima yangu nayo inataka leseni halali. Kwa hivyo kule Calais ningekuwa yule kijana, mia tano mkononi, na mbele yangu shangazi wa mtu.

Nilimwambia rafiki yangu aende. Alirudi salama na picha kali, na manze, ziliniuma. Mwezi uliofuata nikafanya mtihani wa barabarani nikafeli: sikutazama nyuma ya bega kabla ya kukata kona. Nimebuku mwingine.