Mzigo wa Nani?

Katika michezo ya kuigiza mezani, ile ambayo watu huketi na karatasi, penseli na dadu, mmoja akawa mpiganaji, mwingine mchawi, mwingine mwizi wa makaburi, ipo kanuni ambayo vikundi vingi huiruka bila hata kuomba radhi. Ni kanuni ya uzito. Upanga una uzito wake, kamba ina wake, chakula cha siku kina wake, na jumla yake isizidi nguvu za mhusika. Wachezaji huiona kazi ya karani wa bohari. Wamekuja kupambana na majoka, si kujumlisha ratili.

Dungeons & Dragons, mchezo wa Gary Gygax na Dave Arneson uliofungua njia hii mwaka 1974, ulipima mizigo kwa sarafu za dhahabu. Hazina unayoitafuta ndiyo iliyokuwa jiwe la mizani. Wafanyabiashara wa misafara ya pwani wangeelewa mara moja, maana frasila yao, karibu ratili 35 au kilo 16, ndiyo iliyopanga bei ya pembe za ndovu sokoni Unguja, na ndiyo iliyopanga pia kitakachokaa juu ya ngata ya mpagazi njiani. Mzigo wa kawaida ulikuwa takriban frasila mbili.

Toleo la mchezo huo la mwaka 2014 lilirahisisha hesabu: chukua nguvu za mhusika, zidisha kwa 15, hizo ndizo ratili anazoweza kubeba. Binadamu wa kawaida ana nguvu 10, kwa hiyo anaruhusiwa ratili 150, yaani kilo 68, na anatembea kana kwamba hana kitu. Huo ni ukarimu wa mtu ambaye hajawahi kubeba. Lakini kitabu hichohicho kina kanuni ya hiari, kali zaidi. Zidisha nguvu kwa 5 tu. Ukivuka hapo, mwendo wako unashuka kutoka futi 30 kwa zamu hadi 20. Ukivuka mara 10, unabaki na futi 10, unajikokota. Kwa mtu wetu wa kawaida, mstari wa kwanza uko kwenye ratili 50.

Shikilia namba hiyo, twende nayo jimbo la Tshopo, Kongo.

Basoko iko kando ya mto Kongo, chini ya Kisangani, pale ambapo Aruwimi unaingia katika mto mkubwa. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley alipita maji haya akipanda Aruwimi. Alikuwa ametoka Unguja mwezi Februari na watu zaidi ya 600, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa meli, ili aukate msitu mzima na kumpelekea risasi Emin Pasha, gavana aliyekuwa amezingirwa kule Ziwa Albert. Tippu Tip alikuwa naye melini. Kabla ya kuondoka Unguja walikuwa wametia saini: mfanyabiashara huyo awe wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa jina la mfalme Leopold wa Ubelgiji, na atafute wapagazi 600. Mwezi Juni msafara ulifika Yambuya, penye maporomoko ya kwanza ya Aruwimi. Stanley akatangulia na watu 389. Nyuma akamwacha Meja Edmund Barttelot na maafisa wengine, watu zaidi ya 250, na rundo la mizigo wasiyoweza kuinyanyua, wawasubiri wapagazi wa Tippu Tip.

Wapagazi hawakuja kwa wakati. Stanley aliacha maagizo ya maandishi, na kwa anayejua kanuni ya uzito, hayo ndiyo yanayosikitisha kuliko yote. Ikiwa wabebaji hawatoshi, alimwambia Barttelot, unaweza kuacha baadhi ya vitu. Ila ni afadhali kwenda vituo vifupi na kurudi kuchukua mzigo wa pili kuliko kutupa vingi. Meja aliyasoma maagizo kama askari. Hakutupa, wala hakwenda. Alikaa Yambuya karibu mwaka mzima akilinda masanduku, na watu wake wakila muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha. (Mama yeyote wa Basoko angewafundisha kwa asubuhi moja.) Stanley aliporudi na kulikuta kundi hilo likiwa limesogea hadi Banalya, juu zaidi kwenye Aruwimi, Agosti 1888, zaidi ya nusu yao hawakuwepo tena. Barttelot mwenyewe alikuwa amepigwa risasi na kufa mwezi Julai.

Lakini kabla ya hapo kuna siku moja ambayo wanahistoria huipita haraka. Mwaka 1888, hatimaye Tippu Tip alileta wapagazi Wamanyema wapatao 400. Akaikagua mizigo, akaikataa. Ilifungwa kwa ratili 60 kila mmoja. Alisema watu wake hawabebi zaidi ya 40. Maafisa wakafungua masanduku, wakapanga na kufunga upya.

Rudi sasa kwenye mstari wa ratili 50. Mzigo wa 60 unamvusha mtu wa kawaida mstari. Anapoteza theluthi ya mwendo wake. Mzigo wa 40 unamwacha chini ya mstari, na nafasi ya ratili 10 juu yake. Katika kitabu cha mchezo, chakula cha siku moja kina uzito wa ratili 2. Ratili 10 ni chakula cha siku 5. Wabunifu wa Marekani, wakiwa na dadu zao, wamefikia mlango uleule ambapo wali wa Stanley Falls alisimama miaka zaidi ya 120 kabla yao.

Sitaki kumtakasa Tippu Tip. Utajiri wake ulipita juu ya mabega ya watu, wengi wao watumwa, na misafara ya biashara yake mwenyewe haikuogopa frasila mbili. Maafisa wa Yambuya waliamini kwamba anachelewesha kwa makusudi, na huenda walikuwa na haki. Bado swali lake lilikuwa sahihi hata kama nia yake haikuwa safi. Wazungu walihesabu nguvu za mbebaji kana kwamba zote ni mali ya sanduku. Hawakumwekea mpagazi nafasi ya kubeba uhai wake mwenyewe: bunduki yake, mkeka wake, na zaidi ya yote chakula. Mbele huko msituni, Oktoba 1887, Stanley alilazimika kumwacha Kapteni Nelson na watu 52 waliodhoofika kwa njaa, pamoja na mizigo 81. Hesabu hiyo inatisha kuitazama. Kila mtu asiyeweza tena kutembea alikuwa na zaidi ya mzigo mmoja wa kulinda.

Hapa ndipo ninapoona kanuni ya mezani inabeba falsafa kuliko wachezaji wake wanavyodhani. Kanuni nyingine zote zinakuuliza unaweza nini: kupiga, kuruka, kudanganya mlinzi. Hii peke yake inakuuliza utaacha nini, na inakuuliza wewe utakayebeba. Ukichagua mwenge wa ziada badala ya chakula, utalala njaa wewe. Aliyeandika orodha ndiye mwenye mgongo. Kwa sababu hiyo kila kitu kwenye karatasi kinapata maana. Kamba ya futi 50, ratili 10, si pambo tena. Ni siku 5 za chakula ulizozikataa ukiamini mbele kuna shimo.

Yambuya uhusiano huo kati ya orodha na mgongo ulikatika. Orodha iliandikwa na mmoja, ikalindwa na wa pili, ikabebwa na wa tatu ambaye hakuulizwa. Ndiyo maana hakuna aliyeweza kutupa kitu. Mwandishi hakuwepo, mlinzi hakuwa na idhini moyoni, na mbebaji hakuwa na sauti. Vitu vilipoteza matumizi vikabaki na uzito tu. Na kule ziwani, Stanley alipokutana na Emin Aprili 1888, mwokolewa ndiye aliyewapa waokoaji nguo, viatu na chakula.

Wachezaji wanaochoka na hesabu wana dawa yao: mfuko wa kichawi. Katika toleo la 2014, ndani zinaingia ratili 500, nje unabaki na uzito wa ratili 15. Kila mhusika akitajirika huutafuta. Mimi huucheka, kwa sababu mfuko huo uliwahi kuwepo kando ya Aruwimi na kando ya mito mingine mingi ya Kongo. Ulikuwa kichwa cha mtu mwingine. Mwenye msafara alitembea mwepesi, akaandika kitabu kuhusu ugumu wa safari.

Uhusiano ule uliokatika Yambuya unaonekana mzima tena, kwa namna yake, kwenye barabara zinazoingia Kisangani. Mji huu ulipoishiwa magari, miaka ya 1990, baiskeli zilishika kazi: toleka wakibeba abiria mjini, na kumba-kumba wakisukuma kwa miguu baiskeli zilizosheheni bidhaa, siku nyingi msituni. Kumba-kumba anajua kila kilicho juu ya fremu. Anajua nafasi ya chakula chake ni ipi, anajua mlima upi utamlazimu kushusha. Nisiufanye umaskini kuwa shairi: wengi husukuma mali ya mkopo, na deni nalo lina mgongo linaoukalia. Ila wakati wa kufunga kamba asubuhi, anayeamua na anayesukuma ni mtu mmoja. Barttelot hakuwahi kuwa na asubuhi kama hiyo.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaosimamia michezo hii. Msiifute kanuni ya uzito, na tumieni ile kali, ya mara 5. Kisha kwenye karatasi ya mhusika, pembeni ya safu ya vitu na safu ya ratili, choreni safu ya tatu ya jina la anayebeba. Mashujaa wakikodi wapagazi, kama wanavyoruhusiwa na kitabu, mpagazi naye apewe namba yake ya nguvu, chakula chake cha ratili 2 kwa siku, na haki ya kusema 40 yatosha.