Dharura Isiyo na Kadhi

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 na kuwaachia wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao wengi wa Waislamu wa mwambao wetu ni miongoni mwao, vitabu vinavyodarsishwa hata leo, aliuliza katika kitabu chake cha misingi ya sheria, al-Mustasfa, swali ambalo siku hizi huulizwa usiku kucha na watu wazima wa Marekani na Ulaya walioizunguka meza, dadu mikononi, bila ya wao kujua kwamba limekwisha kuulizwa kwa ustadi mkubwa kuliko wao. Adui, alisema, amewatanguliza mateka Waislamu mbele ya safu zake wawe ngao; tukijizuia kurusha mishale, adui ataitamalaki nchi na kuwaua watu wote, na mateka hao pia; tukirusha, tutakuwa tumemwaga damu ya watu wasio na hatia yoyote. Je, yafaa kurusha? Akajibu kwamba yaweza kufaa, lakini kwa masharti matatu yasiyotengana: jambo hilo liwe ni dharura hasa wala si manufaa tu, madhara yanayoogopwa yawe ya yakini, si ya dhana, na hifadhi inayotafutwa iwe ya umma wote, si ya kundi fulani. Kisha, kana kwamba aliwaona kwa mbali watu watakaolichukua jibu lake na kulinyoosha wapendavyo, akaongeza mfano wa watu walio chomboni, chombo kinazama nao, nao wataokoka wakimtosa mmoja wao baharini: hao hawana ruhusa, hata kwa kura, kwa sababu wao si umma, ni abiria wa chombo kimoja.

Michezo ninayoinena ni ile ambayo mtu mmoja huwa msimulizi na mwamuzi, na wenziwe kila mmoja hujivika mhusika wake, akasema kwa ulimi wake na kutenda kwa niaba yake, na penye shaka ya kufaulu au kushindwa, dadu hukata shauri. Katika utanzu wake wa kutisha, mchezo uliopata sifa ni Call of Cthulhu, ambao Sandy Petersen aliutunga kutokana na hadithi za H. P. Lovecraft ukatolewa mwaka 1981. Na ubunifu wake mkubwa ulikuwa kuitia akili ya mhusika katika hesabu, ikawa kila aonapo kisichofaa kuonwa na binadamu, akili humpunguka tarakimu kwa tarakimu, kama fedha katika mfuko wa mlevi. Humo ndimo ilimozaliwa Delta Green, iliyotoka kitabu mwaka 1997 kwa kalamu za Dennis Detwiller, Adam Scott Glancy na John Scott Tynes, na kuwa mchezo wa kujitegemea mwaka 2016. Kisa chake ni kwamba serikali ya Marekani, baada ya kuuvamia mwaka 1928 mji wa Innsmouth, ambao ni mji wa kubuni wa Lovecraft, iliunda idara ya siri ya kupambana na mazimwi. Idara hiyo ikavunjwa rasmi mwaka 1970 kufuatia msiba ulioipata huko Kambodia. Walakini watu wake hawakuacha kazi. Waliendelea bila ya amri, bila ya bajeti wala sheria: mpelelezi wa polisi, daktari, askari, mtaalamu wa maradhi ya kuambukiza, kila mmoja akiiba saa katika kazi yake halali ili aende akakiue kitu kisichoandikwa katika daftari lolote, na akirudi aandike ripoti ya uwongo.

Kuua zimwi si tatizo la dini wala la falsafa. Tatizo ni shahidi. Ni mkulima aliyeliona likitoka kisimani, ni mwanafunzi aliyekisoma kitabu kisichofaa kusomwa, ni daktari wa wilaya aliyemkata maiti na kukuta ndani yake kitu ambacho hakikuumbwa kwa mwili wa mtu. Katika dunia ya Lovecraft maarifa yenyewe ndiyo maradhi, na ajuaye huambukiza. Basi nyumba huchomwa ikasemwa ni ajali ya gesi, ushahidi huibwa, mtu mwenye akili timamu huitwa mwendawazimu mbele ya jirani zake, na mara nyingine, kwa sauti ya chini, mmoja wa wachezaji huuliza kama hakuna budi huyu naye anyamazishwe.

Hapa nataka nikawie kidogo, maana hapa ndipo watungaji wa mchezo walipowapita wanafalsafa wengi. Kila wakala katika Delta Green ana watu wake wa karibu, mke, mtoto, dada, rafiki wa jeshini, na kila kifungo cha mapenzi kimepewa tarakimu. Wakala akipatwa na kitisho kinachomnyang’anya sehemu ya akili, mchezaji anaruhusiwa kurusha dadu ya pande nne, na idadi itakayotoka humpunguzia hasara. Ila idadi iyo hiyo hukatwa katika kimoja cha vifungo hivyo. Yaani akili yake imenusurika, na aliyelipa ni mkewe, ambaye hakuwepo, hakuulizwa, wala hataambiwa. Kisha mchezaji hana budi kueleza deni hilo limelipwa vipi: kwamba alirudi nyumbani akakaa kimya siku mbili, kwamba binti alipotaka kukumbatiwa alisukumwa. Naye aliyekwisha kuona umwagaji damu mwingi bila ya kuvunjika huwa sugu, haumii tena aonapo au atendapo ukatili, jambo ambalo kwa mtu wa kazi hiyo ni nafuu kubwa, lakini usugu huo humnyausha haiba yake na kuvilegeza vifungo vyake vyote kwa mpigo mmoja. Mwanafalsafa Michael Walzer, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1973 juu ya mikono michafu, alishikilia kwamba kiongozi anayeamuru ovu ili kuepusha ovu kubwa zaidi aweza kuwa ametenda lililopasa na bado akawa na hatia. Na mwanafalsafa Sartre alikuwa amelichezesha jambo hilo jukwaani tangu mwaka 1948. Wote wawili waliuliza mikono ya mtendaji imechafuka kiasi gani. Mchezo huu unauliza ameifutia nguo ya nani.

Uko mkasa mfupi wanaopewa wanaoanza kujifunza Delta Green, uitwao Last Things Last. Mzee mmoja, Clyde Baughman, mstaafu wa kazi hiyo, amefariki, nao mawakala wanatumwa nyumbani kwake waondoe kila karatasi iwezayo kuifichua siri. Kazi ndogo, ya ufagio. Katika vitu vya marehemu wanapata habari ya kibanda chake cha mashambani, na huko wanagundua kwamba Baughman, aliyeumaliza umri wake akiwazuia wengine kuigusa elimu iliyoharamishwa, aliigusa mwenyewe mkewe Marlene alipofariki. Akamrudisha, na alichokirudisha hakikuwa Marlene. Akakitia katika tangi la maji machafu na kukifungia humo, maana hakuwa na moyo wa kukiua. Ameacha maneno ya kuwaomba wenziwe wamalizie aliloshindwa. Kutoka tangini sauti ya mwanamke inasihi ifunguliwe.

Nimeusoma mkasa huo nikaona kwamba uzito wake hauko katika tangi. Uko kwa Baughman. Mtu huyu alikuwa amepewa, na chama chake, madaraka ya kuamua ni nani dharura imemhalalishia nini. Aliwahukumu wengine kwa tendo lile lile. Na siku dharura ilipokuwa yake, huzuni ikiwa ndiyo mdai, yeye ndiye aliyekuwa shahidi na yeye ndiye aliyekuwa kadhi. Kesi ya nyani imepelekewa ngedere, na hapa nyani na ngedere ni mmoja.

Augustino, askofu wa Hippo, aliukabili mlango huo huo wa dharura mwaka 420 hivi. Kulikuwa na wazushi wa madhehebu ya Priscillian, waliojificha ndani ya kanisa na kuuhesabu uwongo kuwa halali kwa kuilinda siri yao. Na mtu aitwaye Consentius alitaka kujua kama Wakatoliki nao hawakuruhusiwa kujifanya wazushi ili wawafukue. Augustino alimjibu kwa kitabu kizima, na jibu lilikuwa hapana. Hoja yake moja ni ile ambayo chama chochote cha wawindaji kingependa isisemwe: ukikubali kwamba nia njema huufanya uwongo kuwa halali, huna mahali pa kusimama utakapoambiwa kwamba nia njema huuhalalisha wizi, na zinaa, na mengineyo, kwa kuwa kila mtenda dhambi ana sababu aionayo njema. Mimi siwezi kumfuata Augustino mpaka mwisho. Sioni haramu katika kumdanganya muuaji aliye mlangoni. Lakini naona kwamba alijua jambo ambalo Heinrich Kramer, mwandishi wa Malleus Maleficarum, karne kumi baadaye hakulijua au hakulijali, maana Kramer aliwafundisha mahakimu kwamba mtuhumiwa wa uchawi aweza kuahidiwa uhai wake ili aungame, kisha ahadi ikatafutiwa njia ya kuepukwa.

Si ajabu basi kwamba jina la kitabu hicho limechukuliwa na kupewa chama kimojawapo katika mchezo mwingine, Hunter: The Vigil, uliotolewa na White Wolf mwaka 2008, ambamo vyama vya wawindaji ni vingi na kila kimoja kina namna yake ya kuoza. Liko shirika la dawa, Cheiron Group, linalowakata mazimwi viungo na kuwapandikizia waajiriwa wake. Iko Ashwood Abbey, ya matajiri wanaowinda kwa anasa, ambao sina la kuwasema. Wako Loyalists of Thule, walio na deni, kwa kuwa wazee wao waliulisha Unazi fikra zake, nao huwinda wakitafuta kafara isiyopatikana. Lakini lililonishtua zaidi katika mchezo huo ni kanuni: mwindaji aliyevuka mpaka wa maadili aweza, badala ya kutubu, kuiandika upya sheria ya nafsi yake, hata lililokuwa dhambi likaacha kuwa dhambi. Watungaji hawakuusifu mwendo huo. Wameueleza tu, kama daktari aelezavyo dalili.

Atakuja mtu aseme: mbona siri yenyewe ni dharura? Katika dunia hizo anayejua huharibika, basi kuficha ni kurehemu. Hoja hii si dhaifu, wala simwonei anayeitoa. Lakini mafakihi wana kanuni kwamba kilichoruhusiwa na dharura hupimwa kwa kadiri ya dharura hiyo, na mwenye njaa aliyeruhusiwa mzoga, kwa rai ya wengi wao, hapewi ruhusa ya kushiba. Nakubali, basi, kwamba jina la zimwi lifichwe, na kitabu kifungiwe, na kisima kizibwe. Sikubali kwamba kwa ruhusa hiyo hiyo lifichwe tendo la wakala: kwamba alimpiga nani risasi, na kwa nini, na kama palikuwa na njia nyingine. Hizo ni siri mbili, na chama huzifunga pamoja katika bahasha moja kwa kuwa ya pili ndiyo yenye aibu. Wako wanaojua tayari, ambao hawataharibika zaidi kwa kusikia. Mbona hao hawakufanywa waamuzi? Katika kisa cha Delta Green chama kimegawanyika hata siku hizi pande mbili, wale waliorejea chini ya mrengo wa serikali na wale waliokataa, kila upande ukiudhani wa pili umepotoka, na hakuna hata mmoja unaotoa hesabu kwa mwenziwe.

Tena kuna lile sharti la Ghazali la yakini, ambalo mchezo hulitoa bure. Zimwi la mezani ni zimwi kweli. Limeandikwa katika kitabu cha msimulizi, na mchezaji akiwa na shaka, shaka yake ina jibu. Nje ya meza hakuna kitabu hicho. Katika Usukuma na jirani zake vikongwe wameuawa kwa tuhuma ya uchawi, na miongoni mwa dalili zilizoshikwa dhidi yao ni wekundu wa macho, wekundu ambao moshi wa jikoni humpa kila mwanamke aliyepika miaka hamsini juu ya kuni na samadi. Waliowaua walikuwa na dharura yao, mtoto amekufa, ng’ombe wamekufa, na walikuwa na nia ya kuuhifadhi umma wao. Walichokosa ni yakini, nao hawakujua kwamba wameikosa, na kazi ilifanywa usiku ili asiwepo wa kuwauliza.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba michezo hii huwazoesha watu ukatili. Kinyume chake, meza ina kitu ambacho chama hakina. Mchezaji anayetaka kuichoma nyumba yenye watu ndani hana budi kulitamka hilo kwa sauti mbele ya wenziwe watatu au wanne na msimulizi, na daima yuko mmoja atakayesema ngoja kwanza, tujue wako wangapi. Wakala hufanya gizani. Mchezaji hufanya hadharani, huhojiwa, na mara nyingi hubadili shauri.

Nami nikiulizwa juu ya tangi lile la Baughman, ningeona kwamba mawakala walifungue na kukimaliza kwa moto kilichomo, kwa kuwa masharti yametimia kwa kadiri yanavyoweza kutimia: si Marlene, hakuna wa kumponya, na kukiacha ni kumwachia mpita njia wa kesho asiyejua kitu. Lakini ningetaka kwanza kila mmoja wa waliopo aseme neno lake kabla mafuta hayajamwagwa, na anayekataa asilazimishwe kushika kiberiti; na ningetaka mtu ambaye hakuwemo katika safari ile, angaa mkubwa wao aliyewatuma, aandikiwe yote bila ya kupunguza, lile la mzee pamoja na lao wenyewe, hata kama barua hiyo itachomwa baada ya kusomwa.