Vyombo vya Kuazima

Somo: 2 Wafalme 4:1–7

Betri nne zilikuwa zimelala juu ya uteo, katikati ya mahindi yaliyoanikwa, nami nikadhani watoto wamezichezea wakazisahau. Nikanyoosha mkono niziondoe. Mwenye nyumba akanizuia. "Ziache zipate jua, mchungaji. Baadaye kuna hesabu."

Ilikuwa Mei 2020, bara ya Kilifi, upande wa Ganze. Mwenye nyumba ni mama wa kanisa letu, wakati ule alikuwa ameshavuka miaka 60, na wajukuu wake humwita Hawe, kama watoto wa Kigiriama wanavyomwita bibi. Alikuwa nao watatu, mkubwa wao Darasa la 5. Betri zile zilikuwa za redio waliyosikilizia masomo, na redio yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenye duka wa njia panda, ndugu yetu Mwislamu, aliyeitoa dukani kwake shule na madrasa zilipofungwa, akasema yeye habari atazisikia kwa wateja.

Nimekumbuka uteo ule wiki hii kwa sababu somo letu ni la mjane aliyemwendea nabii Elisha. Mumewe amekufa akaacha deni, na mdai yuko njiani kuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumpa fedha. Alimuuliza ana nini nyumbani. Mjane akajibu kwamba hana kitu ila chupa ya mafuta. Akaambiwa aende kwa majirani wote akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache, kisha aingie ndani, ajifungie mlango yeye na wanawe, amimine.

Tukihubiri kisa hiki tumezoea kukimbilia mafuta. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingi. Mwaka ule wa korona ndio ulionifundisha kusimama kwanza kwenye vyombo. Mafuta yalikuwa ya Mungu, lakini vyombo vilikuwa vya watu. Mjane yule alipita mlango kwa mlango na aibu yake, na katika kila nyumba akapatikana mtu aliyemtolea mtungi bila kuuliza utarudi lini. Na mafuta yalikoma pale vyombo vilipokwisha.

Kwetu mambo yalikuja ghafla. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Ijumaa tarehe 13 Machi, na Jumapili tarehe 15 Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zifungwe. Wapo watoto ambao madaftari yao yalibaki shuleni. Kabla mwezi haujaisha tukawa na kafyu, na tarehe 8 Aprili kaunti yetu ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Akina baba waliokuwa vibaruani Mombasa wakakwama huko. Waliokuwa kwenye mahoteli ya Malindi na Watamu wakarudi nyumbani mikono mitupu.

Serikali haikukaa kimya. Taasisi ya mitaala, KICD, ilipeleka masomo hewani kupitia redio ya KBC, mengine yakawa kwenye runinga na YouTube, na kazi hiyo naiheshimu. Ila runinga inataka umeme, YouTube inataka bando, na bando lilikuwa likishindana na unga wa jioni. Mwezi wa Julai tulisikia kwamba maputo ya kusambaza intaneti yamerushwa angani kuhudumia sehemu za magharibi na kati ya nchi. Huku kwetu ilikuwa ni redio, tena kwa aliyenayo.

Shule yetu ya msingi ilifungua kundi la WhatsApp la wazazi. Wenye simu za tachi ungewahesabu kwa vidole, wengine wote walikuwa na mulika mwizi. Ndipo mwalimu mmoja akaja na wazo la kasha. Yeye ni mwalimu wa bodi, anayelipwa kwa michango ya wazazi, na wazazi walipoishiwa mshahara wake ukakatika. Wenzake walioajiriwa na tume ya walimu, TSC, waliendelea kulipwa, na ilikuwa haki yao. Yeye alianza kupika mahamri alfajiri. Lakini kila Jumatatu alipita duka la njia panda na maswali aliyoyaandika kwa mkono, darasa moja karatasi moja, akayatia katika kasha la sabuni. Watoto walikuja kuyanakili kwa zamu, na Ijumaa wakarudisha majibu katika kasha la pili. Hilo la pili alilifunga kamba akaliweka juani siku tatu kabla ya kuligusa, kwa sababu wakati ule hakuna aliyetuhakikishia kama ugonjwa haukai kwenye karatasi. Kisha akaketi na kalamu nyekundu.

Nimeliona daftari moja la siku zile. Kurasa zimejikunja kwa jua na wino wa majibu umefifia. Wekundu haujafifia. Chini ya hesabu moja iliyokosewa mwalimu ameandika: Njia ni sawa, umekosea kujumlisha tu, rudia. Na chini yake mtoto amerudia.

Tulinunua mahamri ya mwalimu yule. Hatukufanya zaidi ya hapo, na nalisema hili kwa uchungu.

Nyumbani kwa Hawe kulikuwa na utaratibu wake. Mkeka ulitandikwa chini ya mwembe, kuku wakafukuzwa, redio ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Watoto wa nyumba za jirani walikuja, wakaketi mbalimbali kama walivyoambiwa, kisha kidogo kidogo wakasogeleana, maana sauti ilikuwa ndogo na betri zikichoka ilizama katikati ya swali. Na redio ina upungufu mmoja ambao hata mwalimu mkali hana: haimngoji mtu. Inauliza, inanyamaza kidogo, inajijibu, inaendelea. Niliona binti mdogo akiinua mkono mbele ya redio, akaushikilia juu kwa muda, halafu akaushusha polepole.

Hawe hakusoma shule. Kiingereza hakijui, na masomo mengi yalitolewa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kipindi kikiisha alizima redio ili kuokoa betri, akamgeukia mmoja wa watoto na kumuuliza, "Wamesema nini?" Mtoto alitakiwa amweleze kwa Kigiriama.

Siku niliyokuwapo somo lilikuwa la sehemu, nusu na robo. Mjukuu mkubwa akaanza kurudia maneno ya redio kama yalivyo. Hawe akatikisa kichwa. "Hayo ni yao. Niambie mimi." Mvulana akakwama. Akanyamaza hata nikamwonea huruma. Kisha akanyoosha mkono kwenye uteo, akachota mahindi, akapanga punje 12 juu ya mkeka na kuzigawa mafungu manne. Robo ni hizi tatu, Hawe. Robo mbili ukiziweka pamoja ni nusu. Alipotaka kuonyesha robo tatu akaweka fungu moja mahali pasipo pake, akaliona kosa mwenyewe kabla hajaambiwa, akavuruga punje zote, akaanza upya. Hawe alikuwa akimtazama usoni, wala si kwenye punje. Nimekaa katika madarasa mengi, chuo cha theolojia kikiwamo, na ni mara chache nimeona mwanafunzi akipimwa vizuri hivyo.

Mjane aliulizwa ana nini nyumbani. Hawe angeulizwa angesema hana kitu. Umeme hakuna, elimu hakuna, redio ni ya jirani, hata kinu kina ufa. Alikuwa na swali moja, na alilimimina kila siku katika watoto wote walioketi pale, wake na wa wenzake.

Sasa niseme habari ya mlango wetu sisi. Makanisa yalikuwa yamefungwa tangu Machi. Julai tuliruhusiwa kufungua kwa masharti: watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, wasiingie walio chini ya miaka 13 wala waliopita miaka 58, na shule ya Jumapili isiwepo. Jumapili ya kwanza nilisimama mlangoni mwenyewe na kipima joto, ndoo ya maji na sabuni kando. Hawe akaja amejifunga leso mpya, amemshika mjukuu wake mkono. Ilinibidi niwarudishe wote wawili, mmoja kwa kuwa ni mzee mno na mwingine kwa kuwa ni mdogo mno. Hakununa. Alimvuta mvulana wakaenda kuketi chini ya mkwaju nje ya uzio, na nilipokuwa nikihubiri nilikuwa nikiwaona kwa dirisha lililo wazi. Nilipotoka na kuwapitia, nilimkuta akimuuliza kijana, "Amesema nini?"

Masharti yale yalikuwa ya kulinda uhai, niliyatii, na yangerudi leo ningeyatii tena. Linaloniuma ni jingine. Ukumbi wa kanisa letu una sola na taa. Kuanzia Machi hadi Julai ulikuwa na kufuli, na baada ya hapo tukawa tunaufungua saa moja kwa wiki. Kukusanya watoto mle ndani kusingewezekana, nakubali. Lakini tungeweza kuwaacha watu wachaji taa na simu zao pale barazani, mmoja mmoja. Tungeweza kununua betri za redio kwa fungu la shule ya Jumapili, ambalo mwaka ule halikuwa na matumizi. Hakuna aliyekuja kuazima kwetu kwa sababu hatukumwambia mtu kwamba tunaazimisha. Mwenye duka hakungoja kuombwa. Na vyombo, ndugu zangu, katika kisa hiki ndivyo vilivyoamua mafuta yatafika wapi.

Kwa maana mdai naye hakulala. Mwezi uleule wa Julai Waziri wa Elimu, marehemu Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea na watoto watarudia madarasa yao mwaka unaofuata. Baadaye mpango ukabadilika, na tarehe 12 Oktoba wakaitwa kwanza Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4. Wale wengine walingoja hadi tarehe 4 Januari 2021. Walimu walipoita majina, mengine hayakuitikiwa. Wavulana wawili wa Darasa la 8 walikuwa kwenye timbo wakikata mawe, na mmoja alipofuatwa alisema ameshazoea kushika pesa yake. Na wasichana wetu, mnajua. Mlisikia hesabu za waliopata mimba zikitajwa kwenye redio, na kila mara Kilifi ikatajwa. Sera inamruhusu msichana aliyejifungua arudi darasani. Wapo waliorudi, wakaufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ule uliosogezwa hadi Machi 2021, huku mama zao wakiwashikia watoto nje ya lango. Wapo pia ambao ni macho yetu sisi wa kanisani yaliyowafanya waone heri kubaki nyumbani. Mmoja wao hupita barabara ya chini siku za Jumapili ili asipite mbele ya kanisa. Nimemtembelea. Nimechelewa kumtembelea.

Mvulana wa Hawe alirudi Januari. Mihula ikafupishwa ili kufidia muda, wakakimbizwa kweli, na darasa lake ndilo lililofanya KCPE ya mwisho mwaka 2023. Yuko sekondari sasa.

Mwalimu wa kasha bado ni mwalimu wa bodi. Jumapili hii sadaka ya pili itakuwa ya walimu wa bodi wa shule yetu, si kwa mwezi mmoja bali mwaka mzima, na wazee wa kanisa wamekubali. Ufunguo wa ukumbi uko kwa mwenyekiti wa akina mama. Mtoto anayetaka taa ya kusomea jioni aende amwombe, wa kanisa hili au wa msikiti ule.

Huku kwetu chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ukiazima bakuli unalirudisha na kitu ndani, hata kama ni ndimu mbili. Wiki ile shule zilipofunguliwa kwa wote, Hawe aliuza pishi mbili za mahindi, akaifuta redio vumbi kwa pindo la leso, akafungua kifuniko cha nyuma na kuzitoa zile betri zilizochoka kwa kuanikwa. Akatia nne mpya. Mvulana akaipeleka njia panda asubuhi akiwa na sare, kabla ya kengele. Mwenye duka akaiweka mahali pake pa zamani juu ya rafu, akaiwasha kama alivyozoea kuiwasha, na sauti ikatoka kubwa hata watu waliokuwa wakingoja matatu wakageuka.