Mkia Mweusi Ulitudanganya

Nawaandikia hasa ndugu zangu tunaoishi jimbo la Washington, Marekani, ambao kila Oktoba tunapanda milima ya Cascade kutafuta nyama ya kulungu. Kisa hiki ni cha kweli. Jina la mwenzangu nimelificha. Mimi mwenyewe siwezi kujificha, maana nilikuwepo, darubini mkononi, na nilichokiona nilikinyamazia.

Huku kwetu kuna kulungu wa aina mbili walio ndugu wa karibu, hata wataalamu huwahesabu kuwa spishi moja. Magharibi, kwenye mvua na misitu iliyosongamana, anaishi mkia-mweusi. Ni mdogo na msiri, hapendi kutoka vichakani, na mkia wake ni mpana, mweusi juu kote na mweupe chini. Mashariki, kwenye nchi kavu na ya wazi zaidi, yupo kulungu-baghala. Jina hilo alipewa na Meriwether Lewis mwaka 1805, katika safari yake na William Clark ya kuelekea Bahari ya Pasifiki, kwa sababu masikio yake ni makubwa kama ya baghala, yule nyumbu wa kubebea mizigo. Mkia wake ni mwembamba kama kamba, mweupe wenye ncha nyeusi, na matakoni ana baka kubwa jeupe. Akishtuka huruka kwa miguu yote minne pamoja, akidunda kama mpira.

Kitabuni hapo hakuna shida. Shida iko kwenye vilele, ambako aina hizi mbili hukutana na kuzaana, na chotara wao nao huzaa. Chotara anaweza kuwa na mkia unaokaribia kabisa ule wa magharibi, huku masikio na mwendo ni vya mashariki. Mwingine ana mkia mweupe wenye mstari mweusi katikati. Hakuna alama moja utakayoitegemea peke yake.

Kwa sababu hiyo sheria ya Washington haikuuliza mkia. Ilichora mstari. Kutoka mpaka wa Kanada, mstari huo unafuata Pacific Crest Trail, ile njia ya miguu ya zaidi ya kilomita 4,200 inayokwenda hadi mpaka wa Meksiko. Kusini zaidi unafuata mpaka wa hifadhi ya kabila la Wayakama, kisha mto Klickitat hadi mto Columbia. Kulungu wa spishi hii akiwa magharibi ya mstari, kisheria ni mkia-mweusi. Akiwa mashariki, kisheria ni kulungu-baghala, hata mkia wake uwe mweusi kama makaa. Tofauti hiyo ina uzito, kwani katika msimu wa kawaida dume wa mashariki ni lazima awe na ncha tatu au zaidi kwenye pembe moja, ilhali sehemu nyingi za magharibi dume yeyote anaruhusiwa.

Haya yote yalikuwa kwenye kijitabu cha kanuni, na kijitabu kilikuwa ndani ya gari. Tulikisoma ukurasa wa tarehe tu.

Usiku wa kuamkia siku ya kisa hiki tulilala kambini karibu na White Pass. Mzee mmoja Mkongomani, aliyewinda milima hiyo miaka mingi, alituambia tukiota moto: "Wanangu, huko juu msitazame mkia. Tazameni mahali mliposimama." Tulimwitikia, "Ndiyo, mzee," kwa adabu, na maneno yake yakapita.

Asubuhi tulifuata nyayo kwenye ukungu kwa saa mbili hivi. Tulivuka njia ya miguu iliyokanyagwa vizuri, na kwenye mti kulikuwa na kibao kidogo cha pembetatu. Niliona kibao kile. Nilijua ni cha njia gani. Nikajisemea kwamba tutarudi muda si mrefu, basi haidhuru. Baada ya hapo hata msitu ulibadilika. Miti ilipungua, ardhi ikawa kavu, na chini ya buti zetu hapakuwa tena na ule ukoka laini wa magharibi. Simu yenye ramani ilikuwa mfukoni mwangu, na sikuitoa.

Kisha akatokea. Dume, ncha mbili kila upande, umbali wa mita mia moja na kidogo, ametupa mgongo. Mkia ulikuwa mweusi. Mwenzangu akanong'ona, "Kaka, ni mkia-mweusi huyo, halali yetu." Nami nikaitikia kwa kichwa. Lakini darubini ilikuwa imenionyesha mengine: masikio yaliyopita kiasi, na baka jeupe kuuzunguka mkia, pana kuliko nililolizoea. Kabla hajasimama tulikuwa tumemwona akiuruka mti ulioanguka, na kwa hatua chache alidunda kwa miguu minne. Moyo wangu ulisita. Ila tulikuwa tumekaa siku tatu bila kitu, friji nyumbani ni tupu, na macho yenye njaa huchagua ya kuona. Bunduki ikalia.

Tulipomfikia, nilipapasa upande wa nje wa mguu wa nyuma, chini ya kile kiungo kinachofanana na kisigino. Hapo kuna tezi iliyozungukwa na manyoya magumu. Kwa mkia-mweusi urefu wake ni kama sentimita 5 hadi 8. Kwa kulungu-baghala hufika 12 au zaidi. Hii ilizidi upana wa kiganja changu. Ndipo nilipotoa simu. Tulikuwa mashariki ya mstari kwa zaidi ya nusu kilomita.

Nasema hili bila kuficha: mwenzangu alitaka tumburute hadi upande wa pili. Nami nilipima wazo hilo kwa dakika nzima kabla ya kulikataa. Tuliteremka mpaka simu ikashika mtandao, tukawapigia askari wa wanyamapori. Askari aliyekuja hakuutazama mkia, na tezi hakuipima. Alihesabu ncha, akafungua ramani. Nyama ikachukuliwa, faini ikalipwa, na njia nzima ya kurudi hakuna aliyewasha redio.

Ndugu zangu, fungueni ramani kabla hamjafungua sanduku la risasi. Hata klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa na Theodore Roosevelt na inayotunza kumbukumbu za pembe kubwa, huwatenganisha kulungu hawa kwa mipaka ya ramani. Kama wao hawauamini mkia, sisi tunauamini kwa lipi? Na wewe unayeshika darubini, sema unachokiona. Mwenye bunduki anakutegemea wewe.

Mwaka uliofuata tulirudi, sehemu ileile. Saa tatu asubuhi akasimama dume mwenye ncha mbili na mkia mweusi. Nikatoa simu. Nukta ya buluu ilikuwa juu kabisa ya mstari, inayumba mara huku mara kule. Nikamwambia mwenzangu, "Sina uhakika, kaka." Akatoa risasi kwenye bunduki, tukakaa chini ya mti tukimtazama akila majani mpaka alipoingia kwenye ukungu.