Ushahidi wa Gurudumu

Mvua inaponyesha siku tatu mfululizo juu ya njia ya udongo ya Kiambi, katika mkoa wa Tanganyika ulio mashariki ya Kongo, udongo ule mwekundu hulainika kama unga uliokandwa, na lori lililosheheni magunia ya muhogo mkavu na mapipa ya mawese, hata dereva wake awe hodari namna gani, hufika mahali likainama upande, likanguruma, likarusha matope hadi kwenye majani ya miti, lakini lisisogee hata shubiri moja. Nilipata kukaa ndani ya lori la namna hiyo, ubavuni pa dereva, tangu adhuhuri hata karibu na magharibi, na kwa kuwa sikuwa na kazi ila kutazama, nilitazama saa ya mwendo iliyokuwa mbele yetu. Mshale wake ulikuwa juu ya 40, ukitetemeka, na kila dereva alipokanyaga mafuta ulipanda mpaka 50, kana kwamba tunaukaribia mji wa Kalemie. Ilhali nje ya dirisha mwembe mmoja mkubwa, wenye kovu la shoka katika shina lake, ulikuwa palepale ulipokuwa tangu tulipokwama. Dereva aliponiona nimeukodolea macho ule mshale, alitikisa kichwa, akaniambia: "Saa inasema tunaenda, mzee, lakini ule mwembe unasema tuko hapa hapa."

Neno lile limekaa nami muda mrefu, na kila nilipolirudia nimeona kwamba ndani yake mna mas'ala ya zamani, ambayo wanafalsafa na wanazuoni hawajaacha kuyauliza: nani afaaye kutoa ushahidi juu ya mwendo wa kitu, ni kile chenyewe kinachojitahidi kwenda, au ni mwingine asiye na sehemu katika jitihada hiyo? Saa ile haikuwa mbovu, wala haikusema uongo. Ilikuwa imeunganishwa na mitambo izungushayo magurudumu, ikaihesabu mizunguko yake kwa amana, ikaitangaza. Na mizunguko kweli ilikuwapo. Kosa lilikuwa letu sisi, tuliolitaka gurudumu, ambalo kazi yake ni kuzunguka, litupe habari ya safari. Makadhi wa pwani, waliolelewa katika sheria ya Kiislamu, hawakukubali mdai awe shahidi wa dai lake mwenyewe, hata akiwa mwaminifu kupita wote mjini. Na sidhani kwamba walimtuhumu kwa uongo, bali walijua kuwa mtu aliye ndani ya jambo hulipima kwa nguvu aliyoitia humo.

Mafundi wa Ulaya wanaoyajaribu magari walikutana na shida iyo hiyo katika viwanja vyao vya lami, mahali pasipo tope hata kidogo. Gari likifungwa breki kwa nguvu, magurudumu huzunguka polepole kuliko mwendo wa gari, na yakikamatwa kabisa huwa yamesimama huku gari lenyewe likiendelea kuteleza. Likiondoka kwa pupa, magurudumu hulitangulia. Kwa hiyo kwa miaka mingi waliliongezea gari gurudumu la tano, jembamba kama la baiskeli, lililoburutwa nyuma, lisilosukuma wala kubeba kitu, ili lihesabu tu. Lilikuwa shahidi bora kuliko yale manne, kwani halikuwa na masilahi katika jambo. Walakini lilikuwa bado linaigusa ardhi, na kila kigusacho ardhi hudunda juu ya mawe na kuyumba konani. Ndipo wakatengeneza jicho. Chombo kimojawapo cha namna hiyo, kijulikanacho kwa jina la Correvit na kuuzwa siku hizi na kampuni ya Kistler ya Uswisi, hufungwa nje ya gari kikitazama chini, shubiri moja au mbili juu ya barabara, kikaimulika kwa taa yake na kuipokea sura ya changarawe zipitazo.

Namna kinavyohesabu huijua kila mtoto aliyepata kukimbia kando ya ua wa matete wakati jua limeinama upande wa pili: nuru humpigapiga usoni, hafifu na kali, hafifu na kali, na akikaza mbio mapigo huzidi. Ndani ya chombo, baina ya lenzi na kipokea nuru, mna kitu kama chanuo lenye meno membamba mno. Punje za barabara, nyeupe kwa nyeusi, zikipita mbele ya meno hayo huifanya nuru imetemete kwa mapigo, na mapigo yakihesabiwa mwendo umejulikana. Ikiwa meno yanaigawa ardhi katika vipande vya milimita 1, na mapigo yakawa 10,000 kwa sekunde, basi gari linakwenda mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, liwe gurudumu linazunguka, limekamatwa, au limeng'oka likabaki nyuma. Chanuo la pili, lililokingamana na la kwanza, huhesabu mwendo wa kwenda ubavuni.

Hesabu hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Gari likiwa konani, uso wake huelekea upande mmoja na mwili wake huenda upande mwingine kidogo: likienda mita 20 mbele na mita 1 ubavuni katika sekunde moja, pembe kati ya uso na njia ni kama digrii 3, na aliyeshika usukani haioni kwa macho. Nilipoanza kuisoma habari hii nilidhani kuwa pembe hiyo ni dosari ambayo mafundi wanataka kuiondoa, kumbe bila pembe ya namna hiyo katika matairi yake gari lisingeweza kukata kona kamwe. Tairi la mpira haliishiki ardhi ila kwa kuteleza kidogo. Hata katika lami kavu, breki hufikia kilele cha nguvu zake pale gurudumu linapozunguka pungufu ya mwendo wa gari kwa kama sehemu 10 mpaka 20 katika 100. Hapo nimeona rehema kubwa kwa sisi wanadamu, ambao nia zetu huelekea kibla na amali zetu hupotoka kidogo kando yake, kwa maana umbali kati ya nia na amali hauwi wenyewe maangamizi. Maangamizi huja pembe ikipita kiasi chake na mwenye gari hana habari, kwa kuwa kuanzia hapo kadiri anavyozidi kupinda usukani ndivyo ardhi inavyozidi kumponyoka.

Lakini je, ni kweli kwamba jicho hilo haligusi? Euclid na Ptolemy, katika wataalamu wa kale, walishika kwamba macho hutoa miali iendayo kukipapasa kitu, hata kuona kukawa ni kugusa kwa mkono mrefu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra katika karne ya 10, aliyeandika Kitab al-Manadhir huko Misri mwanzoni mwa karne ya 11, aliipindua hoja: nuru ndiyo itokayo kwenye kitu ikaingia jichoni, na dalili mojawapo ni kwamba jicho huumia likilitazama jua. Mwenye kuona, basi, ni mwenye kupokea. Chombo cha mafundi hutuma nuru na kuipokea, na nuru hiyo huzigusa changarawe. Lakini huzigusa bila kudai kitu. Gurudumu linaiomba ardhi ilisukume, na hitaji lake ndilo linalolipotosha. Nadhani mpaka kati ya mdai na shahidi umo katika hitaji hilo, zaidi ya kuwa umo katika umbali.

Watu wa Kalemie wana mfano wa jambo hili mlangoni mwao. Mto Lukuga hutoka katika Ziwa Tanganyika palepale mjini, ukaenda magharibi kuingia mto Lualaba. Mwaka 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika mdomoni mwake, akasema kuwa maji yanatoka ziwani. Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley, akakuta matope na matete yameuziba, akajaribu mkondo kwa kitu cha kuelea, na upepo ukavuruga ushahidi wake. Mwaka 1879 mmisionari Edward Hore akakuta maji yakikimbilia magharibi kwa nguvu. Ziwa lilikuwa limepanda nyuma ya kizuizi chake hata likakivunja. Wote watatu walikuwa wakweli, kila mmoja kwa siku yake, na kielelezo cha Stanley chanifunza jambo moja zaidi, kwamba kieleacho juu ya maji kimeguswa na upepo vilevile, nacho hakiwezi kutwambia kipi kimekisukuma.

Najua msomaji aliyesoma elimu ya tasaufi atanipinga. Wanazuoni wameigawa yakini katika daraja tatu: ya kusikia habari, ya kuona kwa jicho, na ya kuingia ndani ya jambo lenyewe, nao hupiga mfano wa aliyesikia habari za moto, aliyeuona, na aliyeungua. Kwa mpango huo, mguso ndio ulio juu, na jicho liko chini yake. Hilo silikanushi. Utingo wetu, aliyeshuka pekupeku akazama hadi magotini, alilijua tope lile kwa ujuzi ambao chombo chochote cha nuru kisingeupata: alijua wapi ni laini hadi chini na wapi pana mwamba, akajua kwa nyayo. Lakini hakuweza kwa nyayo hizo kujua kama lori limesogea. Mguso hujua kitu ni nini. Mwendo wetu wenyewe ni habari nyingine, na tukiitafuta kwa mguso tunapata idadi ya mizunguko.

Ndivyo ilivyo pia katika mwendo wa nafsi. Al-Harith al-Muhasibi, aliyefariki Baghdad mwaka 857, alipewa lakabu hiyo ya al-Muhasibi kwa sababu ya kuihesabu nafsi. Na mapadri walioingia Mpala, kusini ya Kalemie, mwaka 1885, walileta nao desturi yao ya kuichungua dhamiri kabla ya kuungama. Hayo yote ni mema. Ila nafsi ihesabuyo na nafsi ihesabiwayo ni moja, nami nimeona katika maisha yangu, kwanza kwangu mwenyewe, namna mtu anavyoweza kuhesabu rakaa na saumu, au misa na sadaka, na mshale ukapanda hadi 50, huku yule mjane wa nyumba ya pili akiwa palepale alipokuwa mwaka jana, na njaa yake ni ile ile. Mjane yule ndiye mwembe wangu. Sikumtazama.

Hata jicho la nuru lina mpaka wake. Linasoma kwa tofauti za punje, na mahali ambapo uso wa chini hauna alama yoyote, kama maji yaliyotulia, halina la kuhesabu. Tena linatoa habari ya gari juu ya ardhi hii tu. Lori letu lililokwama lilikuwa wakati huohuo limebebwa na dunia izungukayo, ambayo katika latitudo ile huenda kama kilomita 1,660 kwa saa, na mwembe nao ulikuwa pamoja nasi katika mwendo huo usiokuwa na shahidi kati yetu. Ajuaye bila wasita, na bila kuhitaji ardhi ya kupimia, ni Mola peke yake.

Karibu na magharibi utingo alikata matawi, akayapanga chini ya tairi za nyuma pamoja na mawe aliyoyapapasa kwa nyayo ndani ya tope, akapiga kofi ubavuni mwa lori. Dereva alikanyaga mafuta kidogo sana, macho yake yakiwa nje ya dirisha. Mshale ulishuka kutoka 40, ukapita 20, ukatulia karibu na 5, na mwembe ukaanza kurudi nyuma.