Je, Kuuliza Kwatosha?

Wasomaji wetu wa Ukerewe na Mwanza hawana haja ya kukumbushwa siku ile. Alhamisi, tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko MV Nyerere kiliondoka Bugolora kikielekea Bwisya, katika kisiwa cha Ukara. Ilikuwa siku ya gulio. Kivuko kilikuwa na ruhusa ya kuchukua abiria 101. Kilipolikaribia gati, karibu kiasi cha watu wa nchi kavu kuweza kuwatambua jamaa zao, kilipinduka. Waliokufa walihesabiwa kuwa 228, na waliookolewa 41. Mwenye kujumlisha na ajumlishe.

Hatuandiki haya kwa kufufua majonzi. Twaandika kwa sababu kuna jambo moja katika habari ile ambalo halijatutoka moyoni, nalo ni hili: kivuko kile hakikuwa kitu kilichosahauliwa. Kabla ya ajali, Mbunge wa Ukerewe alikuwa amekwisha kukitaja Bungeni, na ubovu wake pia. Wala hakupuuzwa kabisa, maana baada ya ajali wakala wa Serikali wenye kivuko ulieleza kwamba injini zake zote mbili zilikuwa zimefanyiwa matengenezo makubwa katika miezi iliyotangulia. Basi swali liliulizwa, na kazi ikafanyika. Hata hivyo watu walizama. Wala viongozi wa Serikali wenyewe, walipotafuta sababu, hawakuitaja injini kwanza. Waliutaja wingi wa watu na mizigo.

Hapo ndipo penye fumbo letu la leo. Mtu akiuliza kwa nia njema, akajibiwa kweli, na baadaye yakatukia maafa kwa njia ambayo swali lake halikuigusa, je, ametimiza wajibu wake?

Wengi watajibu upesi: ametimiza, angefanya nini tena? Nasi twakiri kwamba mbunge aliyesimama na kusema ana heri kuliko wale waliokaa kimya. Lakini wajibu wa kusimamia si wajibu wa mtu mmoja, nao hauishi kwa kusema. Katiba yetu, katika ibara ya 63, yalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Maneno hayo mawili yana uzito usio sawa. Mshauri husema, akaenda zake. Asiposikilizwa, lawama si yake. Msimamizi hana ruhusa ya kwenda zake. Fundi mkuu akipita asubuhi akamwambia mwashi, "Ukuta huo umepinda," kisha asirudi jioni kuutazama, mwenye nyumba hatamshukuru kwa maneno mazuri ya asubuhi.

Tutazame jinsi mambo yaendavyo kule Dodoma saa ya maswali. Mheshimiwa husimama akauliza habari za barabara, daraja au kivuko cha jimboni kwake. Waziri, au Naibu wake, husoma jibu lililoandikwa: Serikali inatambua umuhimu wa jambo hilo, upembuzi yakinifu unaendelea, ujenzi utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana. Mwuliza swali ana nafasi ya maswali mawili ya nyongeza, na moja la hayo, mara nyingi mno, ni la kumwomba Waziri afuatane naye jimboni akajionee mwenyewe. Waziri hukubali. Makofi hupigwa mezani. Hatusemi kwamba majibu hayo ni uongo. Laiti yangekuwa uongo, maana uongo una dawa yake! Shida yake ni kwamba hayawezi kuwa uongo. Neno "unaendelea" litakuwa kweli mwaka huu, na mwakani, na mwaka wa kumi. Jibu lisiloweza kukanushwa na tukio lo lote halimfungi aliyelitoa, na jibu lisilomfunga mtu ni salamu tu.

Sasa tulinganishe na swali la namna nyingine. Serikali ilinunua kivuko MV Dar es Salaam, kwa bei ya kiasi cha shilingi bilioni 7.9, ili kiwachukue watu kati ya Dar es Salaam na Bagamoyo. Mkataba ulitaka kiweze kwenda mwendo wa noti 20. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alipochunguza, aliandika katika taarifa yake kwamba mwendo huo haukufikiwa. Hakuandika kwamba watu wamekosa uzalendo, wala hakuuliza kama Serikali ina mpango wa kuboresha usafiri. Alichukua mkataba kwa mkono mmoja na kipimo kwa mkono wa pili. Mbele ya swali la namna hiyo hakuna mahali pa kujificha, na Kamati ya Hesabu za Serikali ikishika taarifa kama hiyo ina kitu cha kumwekea Katibu Mkuu mezani.

Basi kivuko cha Ukara nacho kilikuwa na tarakimu yake, nayo ni 101. Tarakimu hiyo haikuwa siri. Yamkini kila aliyehusika na usalama wa chombo kile aliijua. Lakini swali la kwamba siku ya gulio hupanda wangapi, nani huwahesabu, na ni nani mwenye uwezo wa kusema "sasa basi" na kutiiwa, ni swali dogo, la gatini, lisilo na heshima ya kutosha kusomwa kwenye ukumbi mkubwa. Injini ina bei, nayo yaweza kuandikwa katika makadirio. Kamba inayofungwa mlangoni watu wakitosha haina kifungu chake katika bajeti. Twaogopa kwamba usimamizi wetu wa usafiri umezoea kufuata fedha na chuma, ukamwacha mwanadamu pale anapokanyaga ubao.

Wala hatuwezi kusema kwamba somo lilikuwa jipya. Miaka 22 kabla yake, tarehe 21 Mei, 1996, meli MV Bukoba iliyokuwa na ruhusa ya abiria 430 ilizama karibu na Mwanza. Hesabu ya waliokufa inayotajwa mara nyingi ni zaidi ya 800. Tume ya Jaji Robert Kisanga ilichunguza. Mwaka 2001 Bunge likatunga sheria iliyoanzisha mamlaka ya kudhibiti usafiri wa nchi kavu na majini, mwaka 2003 likatunga sheria ya meli, na mwaka 2017 likatunga nyingine iliyoanzisha shirika la wakala wa meli, lenye kazi ya kuangalia usalama wa vyombo vya majini. Sheria tatu si haba. Lakini kutunga sheria ni nusu ya kazi ya Bunge, tena nusu iliyo rahisi. Kuuliza baada ya miaka mitano kama sheria ile imefika Bugolora ndiyo nusu ya pili.

Na katika jambo la vivuko kuna sababu ya pekee. Basi la mtu binafsi likijaza kupita kiasi, askari wa Serikali hulisimamisha. Kivuko ni mali ya Serikali, wafanyakazi wake ni wa Serikali, na mkaguzi wake ni wa Serikali. Baba hawezi kuwa mshitaki na mwamuzi wa mwanawe katika nyumba ile ile bila msaada wa jirani. Jirani huyo, kwa Katiba yetu, ni Bunge. Likinyamaza, hakuna mwingine wa kubisha hodi.

Watu wengine husema kwamba mbunge wa chama kinachotawala akiuliza sana huwaaibisha wenzake. Twalielewa neno hilo, kwa maana sisi sote tumelelewa katika adabu ya kutomvua mkubwa nguo hadharani. Ila tufikiri kidogo. Adabu ile ilikusudiwa kulinda heshima ya mtu, si kulinda kosa. Mke anayemwambia mumewe kwamba paa linavuja hamdharau mume. Anawakinga watoto na mvua, na mume pia. Waziri anayeulizwa Aprili kama kivuko kinazidisha abiria amepewa nafasi ya kulirekebisha jambo kabla halijawa msiba wake. Baada ya msiba wa Ukara bodi ya wakala ilivunjwa na wakuu wakaondolewa kazini. Ni nani aliyewapenda zaidi watu hao, aliyewasumbua kwa maswali au aliyewapigia makofi? (Twakumbuka pia kwamba Mkaguzi Mkuu alisema Bunge ni dhaifu, na mwaka 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Hatutaki kuwa waamuzi wa ugomvi ule. Twasema tu kwamba neno lililosemwa lingeweza kujibiwa kwa kazi vizuri kuliko kwa azimio.)

Je, kuna njia? Bunge la India, tangu mwaka 1953, lina kamati ambayo kazi yake ni moja tu: kuziandika ahadi zote ambazo mawaziri huzitoa wakijibu maswali, kisha kufuatilia kila moja mpaka itimizwe au Serikali ieleze kwa nini haikutimizwa. Majirani zetu wa Uganda nao wana kamati ya ahadi za Serikali. Jambo lenyewe halina ustadi mkubwa. Ni daftari na mtu wa kulifungua. Wahenga walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, nasi twaweza kuongeza kwamba ahadi nayo ni mali. Hata hivyo daftari halitafaa kitu kama kilichoandikwa humo ni "unaendelea". Kwanza lazima swali liwe na tarehe, na tarakimu, na jina la mahali.

Tumewasema wakubwa vya kutosha. Haki yataka tujiseme nasi, kwani mbunge huuliza yale anayosikia jimboni, na jimboni tunamwomba nini? Tunaomba kivuko kipya, barabara ya lami, gati. Mara ngapi tumemwomba mtu wa kutuzuia tusipande? Siku ya gulio, mwenye mzigo wa mahindi na mtoto mgongoni hapendi kuambiwa asubiri safari ya jioni, na karani akijaribu kufunga mlango atatukanwa na watu wale wale ambao maisha yao anayaponya. Twajua kwamba mwenye njaa hana nafasi ya kuchagua chombo, wala hatuweki lawama ya maiti juu ya maiti. Mwenye nguvu ya kufunga mlango ndiye mwenye lawama ya kuuacha wazi. Lakini sisi tuliobaki hai tuna ulimi, na mbunge huja kutuamkia.

Miaka michache iliyopita tulisafiri kwa kivuko kimoja ambacho hatutakitaja. Tulisimama gatini tukamtazama karani akikata tiketi. Alikuwa kijana mwenye adabu, na vitabu vyake vilikuwa safi. Watoto wadogo hawakukatiwa tiketi, wala watoto wa mgongoni, kwa hiyo kwa hesabu yake hawakuwamo chomboni. Mama mmoja mbele yetu alikuwa na watatu. Kwenye ubavu wa chombo palibandikwa kibao cha idadi ya abiria, kimepakwa rangi juu yake mara nyingi hata tarakimu ya mwisho isomeke kwa kubahatisha. Sanduku la maboya lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na juu yake wamekaa wazee wawili na mtungi wa mafuta.

Tulipanda. Upepo ulikuwa mwema, tukashuka ng'ambo salama, tukaenda zetu. Hatukumwuliza karani tulikuwa wangapi, wala ufunguo wa kufuli lile ulikuwa kwa nani.