Maneno Tunayopimia Shule Zetu

Kila jamii hupima mambo yake kwa maneno kabla haijayapima kwa mizani. Wazee wetu waliposema pishi ya mtama, kila aliyekuwapo sokoni alijua kwamba ni vibaba vinne. Waliposema dhiraa ya nguo, kila mtu alijua kwamba kipimo chaanzia kwenye kiwiko na kuishia kwenye ncha ya kidole. Ubishi haukuwa mwingi, kwa sababu neno na kitu vilikwenda pamoja. Leo twasema kwamba shule hii ni bora, ile imefikia kiwango, na nyingine imethibitishwa. Maneno hayo yamo katika sera, katika nyaraka za wizara na katika vinywa vya wazazi. Je, twapima nini tunapoyatamka?

Katika makala haya tunakusudia kuyachungua machache kati ya maneno hayo kama yatumikavyo nchini Tanzania. Haja yetu ni kubwa kuliko sarufi. Ndani ya maneno hayo mna swali la maadili: mtu atamkaye mbele ya umma kwamba shule fulani yafaa kumlea mtoto, amejitwika deni gani, na mdai wake ni nani?

Bora elimu na elimu bora

Tuanze na neno bora, maana ndilo linalotamkwa zaidi. Kiswahili kimeliwekea neno hili mtego wa ajabu. Likifuata jina, husifu: mbegu bora, malezi bora, elimu bora. Likitangulia jina, hushusha pumzi na kukubali kidogo kilichopo: bora uhai, bora amani, bora liende. Kwa hiyo wananchi waliposema kwamba tumepata bora elimu wala si elimu bora, hawakuhitaji maneno mengine. Hukumu nzima ilitolewa kwa kugeuza mahali pa neno moja.

Hata hivyo, yafaa tuitazame hukumu hiyo kwa haki. Mwezi Novemba 1974, katika Azimio la Musoma, Chama cha TANU kiliamua kwamba elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyokuwa imekusudiwa kufikiwa mwaka 1989, ifikiwe mwaka 1977. Walimu hawakutosha, madarasa hayakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Watu wengi wamesema tangu wakati huo kwamba ubora ulitolewa kafara. Lakini tujiulize: mtoto ambaye angezaliwa, akakua na kuzeeka bila kuingia darasani, ubora wa shule za wenzake ungemfaa nini? Kumpa bora elimu mtu asiye na elimu yoyote ni tendo la haki. Kosa huanza pale tunaporidhika. Aliyesema bora elimu leo ameahidi elimu bora kesho, na ahadi ni deni. Ada ya shule za msingi ilipoondolewa kuanzia mwaka 2002, na ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, watoto walifurika tena kabla ya walimu na madawati kutosha, na deni lile lile likaandikwa upya.

Kiwango ni kizingiti

Neno la pili ni kiwango. Wapo wasomi wanaolidharau, wakisema kwamba elimu ni jambo la roho na akili, haipimwi kwa kuhesabu madawati. Dharau hiyo twaiona haina msingi. Kabla ya uhuru, shule za Tanganyika ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia na za Waafrika, na kila kundi lilikuwa na majengo yake, fedha zake na matarajio yake. Sheria iliyoanza kutumika Januari 1962 iliuondoa ubaguzi huo. Maana yake ni kwamba kiwango kimoja kwa watoto wote ni tunda la uhuru. Pasipo na kipimo cha pamoja, mwenye nguvu hujipimia.

Tutoe mfano ambao wengine wataona haya kuutaja. Taratibu za shule nchini zataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hesabu hiyo haina uzuri wa kishairi. Lakini msichana anayekaa nyumbani siku kadhaa kila mwezi, kwa kuwa shuleni hakuna mahali pa kujisitiri, anajua kwamba ndani ya hesabu hiyo imo heshima yake, na limo somo la hisabati ambalo wenzake walifundishwa siku ile yeye hayupo. Kiwango kilichoandikwa vizuri ni huruma iliyopewa tarakimu ili isisahauliwe.

Pamoja na hayo, kiwango ni kizingiti tu. Asiyekivuka hajaingia nyumbani; aliyekivuka ndiyo kwanza yuko mlangoni. Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Shule yaweza kuwa na matundu yake, madawati yake na kuta zilizopakwa chokaa, na ndani yake mwalimu akasoma kutoka kitabuni huku watoto wakinakili wasichokielewa. Hapo kila kilichohesabiwa kipo, na kile kilichofanya vihesabiwe hakipo.

Kufaulu

Neno la tatu ni kufaulu. Hili lina nguvu kupita yote, kwa sababu hugawa maisha ya watu. Tena ndilo lililowahi kutuaibisha. Mwaka 2012 ilidhihirika kwamba miongoni mwa wanafunzi waliofaulu mtihani wa darasa la saba na kuchaguliwa kuingia kidato cha kwanza, walikuwamo wasiojua kusoma wala kuandika. Karatasi ilisema wamefaulu. Kitabu kilipofunguliwa mbele yao kilikuwa kimya. Baada ya aibu hiyo mkazo ulirudishwa kwenye misingi, na mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukaelekezwa kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu.

Mwezi Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, na zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata daraja la sifuri. Taifa lilishtuka. Mwezi Mei mwaka huo matokeo yale yakafutwa, yakapangwa upya, na wengi waliokuwa wameshindwa wakawa wamefaulu. Baadaye madaraja yakaachwa kwa muda, ukaja wastani wa alama. Mwaka 2016 madaraja yakarudishwa. Hatusemi kwamba kurekebisha kipimo ni dhambi, maana kipimo chaweza kukosea kama kinavyoweza kukosea kitu kingine chochote. Twasema hivi: mtahiniwa wa mwaka ule hakuandika hata herufi moja zaidi kati ya Februari na Mei. Alichokijua hakikuongezeka, na asichokijua hakikupungua. Kilichobadilika ni neno. Nchi inayoweza kubadili neno bila kubadili kitu yapaswa kuwa na tahadhari kubwa na furaha yake.

Ndiyo maana twaona busara katika hatua ya Baraza la Mitihani la Taifa, mwaka 2023, ya kuacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Kwa miaka mingi orodha hiyo ilisubiriwa kama matokeo ya ligi ya kandanda. Lakini shule ipokeayo watoto waliokwisha kuchujwa kwa mtihani, ikawatoa na alama za juu, imethibitisha nini hasa? Mkulima akipewa mbegu iliyochambuliwa punje kwa punje, na shamba lenye rutuba, mavuno yake hayampi haki ya kumcheka jirani aliyepanda changarawe akavuna magunia mawili. Yawezekana aliyestahili sifa ya ubora ni mwalimu wa shule ya kata aliyempokea mtoto asiyeweza kusoma sentensi, akamfikisha mahali pa kuandika barua. Orodha ya kumi bora haikuwa na safu ya kumwandika mwalimu huyo.

Kagua, dhibiti, thibitisha

Sasa tuje kwa watu wanaopewa kazi ya kupima. Kwa miaka mingi waliitwa wakaguzi wa shule. Neno kukagua ni la gwaride na la mizigo: anayekagua husimama nje ya kile anachokitazama, na anayekaguliwa husimama wima. Walimu wanajua vema siku za namna hiyo. Maazimio ya kazi hujazwa usiku kucha, maandalio ya somo huandikwa kwa tarehe zilizopita, mawe ya njiani hupakwa chokaa, na mgeni husaini kitabu cha wageni akaenda zake. Kesho yake shule hurudia maisha yake ya kawaida.

Katika miaka ya karibuni jina limebadilishwa, na sasa twasikia uthibiti ubora wa shule. Hapa Kiswahili kimetupa fumbo la kufikiri. Wengi hutamka na kuandika udhibiti ubora, na wengine uthibiti ubora, kana kwamba ni neno moja. Siyo. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini kwa mizizi miwili tofauti. Kudhibiti ni kushika barabara, kuzuia kisiponyoke. Kuthibiti na kuthibitisha ni kuwa hakika, au kulifanya jambo lionekane kuwa ni kweli. Mdhibiti humshika mwalimu mkono. Mthibiti hushuhudia kazi ya mkono huo. Herufi moja yatenganisha desturi mbili za kazi. Tukiwaita watu wathibiti huku tukiwatarajia wadhibiti, tutakuwa tumebadili kibao cha mlangoni na kuiacha nyumba vilevile.

Shahidi na ujasiri wake

Kutoka katika mzizi huo wa thibitisha limetoka neno ithibati. Shule zetu husajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Elimu ya mwaka 1978. Vyuo vikuu hupewa ithibati na Tume ya Vyuo Vikuu. Wengi huidhani ithibati kuwa ni cheti cha kutundikwa ukutani. Asili yake ni uhakika uliotolewa ushahidi. Anayeitoa hugawa neno lake, na neno la mtu ni sehemu ya nafsi yake.

Utamaduni wetu unaujua ushahidi wa namna hii. Katika vyuo vya pwani mwanafunzi alipohitimu, neno hilo lilimaanisha kwamba ameikamilisha Kurani, na yeyote aliyetaka kuhakikisha aliweza kumketisha akamsikiliza. Mwanachuoni alipompa mwanafunzi wake ijaza ya kufundisha, aliunganisha jina la kijana huyo na jina lake mwenyewe na majina ya walimu waliomfundisha yeye. Kama kijana hakujua, aibu haikuwa yake peke yake. Ilipanda ngazi hadi kwa mwalimu. Hali kadhalika fundi wa jahazi hakuhitaji kusema kwamba mwanagenzi wake ameiva. Chombo kilishushwa majini, na maji hayana upendeleo.

Mzizi huo huo umetupa neno thubutu, ambalo zamani lilimaanisha pia kuwa imara na kuwa hakika. Wala hatuoni ajabu kwamba uhakika na ujasiri vimelala katika neno moja. Kusema kweli kuhusu shule kwataka uthubutu. Mthibiti akiandika kwamba watoto wa darasa la tatu hawasomi, atamuudhi mwalimu mkuu, atamuudhi afisa elimu, na pengine atawaudhi wazazi ambao wangependa kusikia habari njema. Ni rahisi zaidi kuandika kwamba hali inaridhisha.

Hapa yapo mapingamizi yanayostahili kujibiwa. Mwalimu atasema: "Nikionyesha upungufu wangu, nitaadhibiwa mimi, ingawa si mimi niliyenyima shule vitabu. Kwa nini nisiufiche?" Pingamizi hili ni zito, na halijibiwi kwa mahubiri juu ya uaminifu. Jibu lake ni kwamba ushahidi lazima umfunge anayeupokea kama unavyomfunga anayeutoa. Serikali ikipokea taarifa kwamba shule ina mwalimu mmoja kwa watoto mia, taarifa hiyo ni hati ya madai dhidi ya serikali yenyewe kabla haijawa lawama kwa mwalimu. Mahali ambapo kweli huleta adhabu tu, uongo utastawi, na wa kulaumiwa kwanza ni yule aliyeufanya uongo uwe kinga pekee ya wanyonge. Mahali ambapo kweli huleta madawati, walimu na msaada, watu watajifunza kuisema.

Kwa hiyo twaweza sasa kujibu swali tulilouliza mwanzoni. Anayetamka kwamba shule yafaa amekuwa shahidi, na mdai wake ni mtoto. Mtoto hakuwapo sera zilipoandikwa, hawezi kuusoma waraka, wala hajui tofauti ya dhibiti na thibitisha. Ameletwa asubuhi na mzazi aliyeliamini neno letu. Baada ya miaka kadhaa atatoka na karatasi mkononi, na dunia itamwuliza anajua nini. Jibu atakalolitoa siku hiyo ndilo litakaloonyesha kama neno letu lilikuwa kweli. Walimu na wanafunzi mnaosoma kurasa hizi, mlisikiapo neno bora, msiache kuuliza limesimama mbele au nyuma ya elimu.